Diski na Mipaka Yake

Katika desturi kongwe ya kompyuta za Unix, diski ilikatwa sehemu siku ile ile mashine ilipowekwa, na kila sehemu ikapewa kazi yake, hii ya programu, hii ya barua, hii ya mafaili ya watumiaji, kwa makisio ya mtu ambaye, hata awe mahiri namna gani, hakuweza kujua ipi itafurika mwakani na ipi itabaki tupu. Ilipofurika ile ya barua, ilhali jirani yake ina nafasi tele, mtunzaji wa mashine hakuwa na budi kungoja usiku watu watoke kazini, anakili kila kitu kwenye tepu, aikate diski upya, kisha arudishe yote mahali pake. Na asiyeziamini tepu zake aghalabu aliiacha kadhia hiyo, akawasihi watu wafute barua zao.

Faraja ilikuja mwaka 1990, IBM ilipotoa toleo la 3 la AIX, mfumo wake wa Unix. Baina ya mafaili na diski palitiwa tabaka: diski zikakatwa vipande vidogo vilivyo sawa, vikakusanywa katika fungu moja, na humo zikaundwa voliumu ambazo hazikulazimika kukaa mahali pamoja wala kwenye diski moja, maadamu lipo daftari lenye habari ya kila kipande kilipo. Kwa rai yangu daftari hilo ndilo uvumbuzi wenyewe. Mengine ni hesabu tu.

Kutoka IBM elimu hiyo ilifika katika HP-UX, na mwaka 1998 Heinz Mauelshagen, alipoiandikia Linux programu ya namna hiyo, aliifuata HP-UX hata kwa majina ya amri: pvcreate ya kuiandaa diski, vgcreate ya kuunda fungu, lvcreate ya kutoa voliumu. Mwaka 2001 kazi yake ilitoka pamoja na Linux 2.4.

Siku hizi kadhia ya barua ni mstari mmoja:

lvextend -r -L +10G /dev/data/barua

Kwa ukubwa wa kawaida wa kipande, megabaiti 4, gigabaiti hizo 10 ni vipande 2,560, navyo huongezwa huku barua zikiendelea kuingia, na ile -r hukuza mfumo wa faili papo hapo. La ajabu zaidi ni pvmove, ihamishayo vipande kutoka diski inayougua hadi iliyo nzima bila kazi kusimama. Umeme ukikatika katikati, amri hurudiwa nayo huendelea ilipoachia.

Kupunguza ni jambo la hadhari. Mfumo wa faili hupunguzwa kwanza, voliumu baadaye, na anayegeuza utaratibu huo huukata mkia wa mafaili yake. Hata hivyo LVM2, toleo lililofuata la programu hiyo ya Linux, huweka nakala za daftari la zamani katika /etc/lvm/archive, kwa maandishi yasomekayo, na mtu akiwahi kutumia vgcfgrestore kabla vipande vilivyoachwa havijaandikwa upya, huweza kuurudisha mpaka ulipokuwa.