Fibrosisi ya mapafu

Fibrosisi ya mapafu ni ugonjwa adimu unaoacha makovu kwenye mapafu, yakakakamaa na kushindwa kupitisha oksijeni vizuri. Aina isiyo na chanzo kinachofahamika huwapata hasa watu waliopita miaka 60. Dalili kuu ni kikohozi kikavu na kuhema baada ya kazi ndogo.

Ufuatiliaji. Kila baada ya miezi michache mgonjwa hupuliza spirometa, kifaa cha kupima pumzi, kwa nguvu hadi pumzi imwishie. Ujazo wa pumzi hiyo ukishuka kwa asilimia 10 ndani ya mwaka, ugonjwa umesonga mbele. Hupimwa pia umbali anaotembea kwa dakika 6. Dawa za pirfenidone na nintedanib, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupunguza kasi ya ugonjwa lakini haziuponyi.

Mabanga. Ufuatiliaji huu huzingatia pia mahali mgonjwa anapoishi. Kwa mfano, mitaa ya Mabanga Kaskazini na Kusini iko katika komuni ya Karisimbi, mjini Goma, Kongo, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Oksijeni hapo ni haba kuliko pwani, hivyo kipimo cha oksijeni cha kidoleni hulinganishwa na vipimo vya awali vya mgonjwa huyohuyo. Kifua kikuu na moshi wa makaa huleta kikohozi pia. Kwa hiyo makohozi hupimwa kwanza kutafuta kifua kikuu.