Dakika Tatu za Joto Zilizofichua Siri ya Bahari

Wale mnaoandika programu mnajua kazi ya kulinganisha kumbukumbu mbili kwa saa zake mpaka chanzo cha jambo kionekane. Leo nawaletea kisa cha aina hiyo, ila hiki kilitokea mita 2,500 chini ya bahari.

Februari 1977, meli ya utafiti Knorr ilikuwa karibu na visiwa vya Galápagos, mahali ambapo sakafu ya bahari inapasuka na kuachana, kama lifanyavyo Bonde letu la Ufa. Wanajiolojia waliamini lazima maji moto yatoke humo. Wakaburuta kifaa kiitwacho ANGUS, chenye kamera na kipimajoto. Usiku joto likapanda kwa muda usiofika dakika tatu, kisha likashuka. Filamu iliposafishwa, karibu picha zote 3,000 zilionyesha lava tupu. Picha 13 tu, zilizopigwa wakati ule ule joto lilipopanda, zilijaa chaza na kome!

Tarehe 17 nyambizi Alvin ikashuka hapo na watu watatu, wakakuta maji vuguvugu yakitoka kwenye nyufa. Sampuli zilinuka mayai viza. Ilikuwa haidrojeni salfaidi, gesi inayowapa bakteria wa huko nguvu badala ya mwanga wa jua.

Maji hayo yalikuwa vuguvugu tu kwa sababu yalikwisha changanyika na maji baridi. John Edmond wa MIT na wenzake wakachora grafu: kadiri sampuli ilivyokuwa na joto, ndivyo magnesiamu ilivyopungua. Mstari ulipoendelezwa hadi magnesiamu ikawa sufuri, ulifika digrii 350 hivi. Mwaka 1979, karibu na Meksiko, Alvin ikakuta mabomba ya mawe yakifuka maji meusi. Kipimajoto cha kwanza kikaanza kuyeyuka. Vipimo vilivyofuata vilisoma digrii 350 na ushei.

Hapo fumbo la zamani likapata jibu. Mito humwaga magnesiamu baharini daima, mbona haizidi kurundikana? Kumbe maji ya bahari hupenya nyufa, hupashwa moto na mwamba, huiacha magnesiamu humo, kisha hutoka yamebeba chuma, shaba na zinki. Kemia ya bahari haipangwi na mito peke yake.

Na yote yalianza na dakika tatu ambazo wengi wetu tungezifuta tukidhani kipimajoto kina kasoro.