Jando na Daftari la Shule

Katika nchi ya Wamwera, yaani Nachingwea na Ruangwa, mtoto wa kiume hapo kale hakuambiwa siku atakayoingia jandoni, ijapokuwa wazazi wake walikwisha kuipanga tangu mtama ulipokuwa shambani. Nafaka ya pombe iliwekwa akiba, mjomba wake akapelekewa habari, ngariba akaagizwa.

Mgeni aweza kudhani kwamba mtoto yule hakutayarishwa. Sivyo. Siku hakuijua, bali majira aliyajua, kwa kuwa jando lilifuata mavuno. Aliwaona kaka zake wakienda, akawaona wakirudi na nguo mpya na shangwe za akina mama. Wala hakuingia peke yake. Alikwenda na rika lake, na mtu mzima alichaguliwa akae naye kumbini, amwuguze jeraha na kumfundisha nyimbo. Kilichomtesha ni vijana wakubwa, waliomtisha kwa hadithi za kisu miezi mingi kabla.

Misheni ya U.M.C.A. ilifika kwa jirani zetu wa Masasi mwaka 1876. Wamisheni wengi wa siku zile walitaka jando likomeshwe. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakukubali. Aliona kwamba desturi hii haifai kung'olewa bali kutakaswa. Basi likawako jando la Kikristo: kumbi likabaki, kutengwa kukabaki, lakini mapadri wakasimamia, na sala zikashika mahali pa matambiko. Hivyo mtoto wa misheni aliweza kukuta kumbini nyuso alizozizoea kanisani. Kwa mtoto mwenye hofu, hilo si jambo dogo.

Walakini kurudi kwake shuleni hakukuandaliwa na mtu. Sisi wenyewe tulikosa. Mwanzo wa kazi yetu tuliita majina asubuhi kama daftari lilivyosema, na mtoto mmoja aliyetoka jandoni hakuitika. Tuliita mara tatu, kisha tukamwadhibu kwa ukaidi. Jioni mama yake alikuja, akasema kwa upole, "Mwalimu, huyo uliyemwita hayupo tena." Jina la utotoni huachwa jandoni, na kumwita mtu kwa hilo ni kumtukana. Tulilijua sana, maana nasi tulipita huko; kalamu ilitusahaulisha.

Siku hizi jando hufanywa wakati wa likizo, na kukaa kumbini kulikokuwa kwa miezi kumekuwa kwa majuma. Wazazi wengine huwapeleka watoto hospitali, nao hurudi darasani bila nyimbo wala rika.

Basi kabla ya shule kufungwa twawauliza wazazi mambo mawili: nani atalala karibu na mtoto, na atarudi kwa jina gani. Jina hilo twaliandika kwa kalamu ya risasi, kando ya lile la kwanza.