Ramani za Kale na Elimu Isiyopotea: Mwambao wa Kigwena katika Utafutaji wa Chanzo cha Nile

Ikisiri

Makala hii inapinga dhana kwamba ramani za kale zinazoonyesha maziwa na milima ya Afrika ya ndani ni mabaki ya elimu ya ustaarabu uliotoweka. Kwa mifano ya Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1855 na 1879, inaonyesha kwamba elimu hiyo ilikuwa hai vinywani mwa wenyeji na wasafiri, na kwamba wageni walipotea zaidi pale walipoyathamini maandishi ya kale kuliko ushahidi wa watu hao.

1. Mahali penye tatizo

Mvua inayonyesha juu ya msitu wa Kigwena, katika tambarare ya Imbo kusini mwa mji wa Rumonge, Burundi, huishia Ziwa Tanganyika. Kutoka humo maji hupita mto Lukuga, huingia mto Kongo na kufika bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha Rutovu, milimani nyuma ya mwambao huo huo, hufuata Ruvyironza, Ruvubu na Kagera hadi Ziwa Viktoria, kisha Nile na Mediterania. Hapo Rutovu, mwaka 1938, Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo kutia alama chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote.

Kwa hiyo mwambao wa Rumonge unakaa chini ya mgongo unaogawa maji ya mito mikubwa miwili ya Afrika. Mwanajiografia wa Ulaya wa karne ya 19 hakuujua mgongo huo. Alichokuwa nacho ni ramani ya Ptolemy wa Aleksandria, aliyeandika yapata mwaka 150, ambayo Nile yake inatoka katika maziwa mawili yanayolishwa na Milima ya Mwezi. Wapo wanaouliza hadi leo: Ptolemy aliyajuaje haya, kama hakurithi elimu ya watu wakubwa waliosahauliwa?

2. Ptolemy aliambiwa na nani?

Jibu lipo katika kitabu chake mwenyewe. Ptolemy anamnukuu Marinus wa Tiro, na Marinus anamtaja Diogenes, mfanyabiashara wa baharini aliyekuwa akirudi kutoka India akasukumwa na upepo hadi karibu na Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki. Habari za maziwa zilipatikana katika pwani hii, yaelekea kutoka kwa watu waliofanya biashara na bara. Baadaye wanazuoni wa Kiislamu waliipokea picha hiyo: mchoro wa Nile wenye Milima ya Mwezi umo katika nakala ya kitabu cha al-Khwarizmi iliyoandikwa mwaka 1037, na al-Idrisi akaichora tena mwaka 1154. Msomaji akiufuata mnyororo huu kiungo kwa kiungo, mwanzoni anawakuta wasafiri, wenyeji wao na mtu wa kuwasikiliza. Hakuna kiungo kinachohitaji ustaarabu uliotoweka.

3. Ramani ya Wilford

Hatari ya kutafuta hekima iliyopotea inaonekana wazi kwa mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke. Baada ya safari yake ya maziwani na Richard Burton, Speke alichora milima yenye umbo la mwezi mwandamo kaskazini ya Tanganyika, akaiita Milima ya Mwezi. Kisha, alipokuwa akijiandaa kwa safari iliyofuata, Rigby, konseli wa Uingereza Zanzibar, akampa makala ya Francis Wilford yenye ramani ya Nile, iliyodaiwa kutolewa katika Purana, vitabu vitakatifu vya Wahindu. Speke akaichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1863 kama ushahidi kwamba Wahindu wa kale walikijua chanzo cha Nile.

Lakini Wilford mwenyewe alikuwa amekiri mwaka 1805 kwamba msomi aliyekuwa ameajiriwa naye alighushi vifungu ili kumridhisha. Zaidi ya nusu karne baada ya ungamo hilo, maandishi yale bado yalibeba heshima ya ukale, na heshima hiyo ikayakinga yasihojiwe.

4. Waliokuwa wakijua

Katika miaka hiyo hiyo elimu ya kweli ilikuwa ikisemwa wazi. Huko Kazeh, yaani Tabora, mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza Burton na Speke kwamba Tanganyika na Ukerewe, yaani Viktoria, ni maziwa mawili tofauti. Aprili 1858, walipofika Uvira, kaskazini mwa Tanganyika, wana wa chifu Maruta waliwaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wageni hao hawakufika mlangoni mwa mto, lakini walikuwa wameshapata jibu. Hata hivyo, mwaka 1864, katika mabishano yake na Speke, Burton alitetea tena kwamba Rusizi huenda unatoka ziwani kuelekea Nile.

Ilibidi Livingstone na Stanley wapande mtumbwi Ujiji mnamo Novemba 1871, wakiambaa na ufuo wa mashariki, mwambao ambao leo ni wa Nyanza-Lac, Kigwena na Rumonge, ili kuthibitisha kile ambacho vijana wa Uvira walikisema miaka 13 kabla. Mto ulikuwa unaingia. Na kule kaskazini mwa ziwa chifu Ruhinga aliwapa zaidi ya walichoomba: aliwatajia vijito vya Rusizi na ziwa Kivu. Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo, von Götzen, alifika mwaka 1894.

Livingstone aliyasikia haya kwa masikio yake. Bado moyo wake ulikuwa kwenye chemchemi ambazo Herodoto alisimuliwa na mwandishi wa hekalu la Misri. Alizifuata hadi mabwawa ya Bangweulu, akafia kijijini kwa chifu Chitambo mwaka 1873.

5. Pingamizi: wenyeji nao hukosea

Itasemwa kwamba masimulizi ya mdomo nayo yalipotosha. Mfano unaotolewa ni ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann ya miaka 1855–56, inayoonyesha bahari moja kubwa katikati ya Afrika Mashariki. Erhardt aliwauliza wasafiri wa njia mbalimbali za misafara, na kila mmoja akasema njia yake inakomea kwenye maji makubwa. Kila mmoja alisema kweli: mmoja alifika Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Ukerewe. Kosa lilikuwa la mchoraji aliyeyaunganisha maji matatu yawe moja.

Mfano wa Lukuga una fundisho jingine. Mwaka 1874 mpelelezi Cameron alisema maji ya ziwa hutoka kwa mto huo. Mwaka 1876 Stanley aliukuta umezibwa na matope na mafunjo. Mwaka 1879 mmisionari Hore aliona maji yakitoka kwa nguvu. Ziwa lilikuwa limepanda hadi likavunja kizuizi. Shahidi wa mwaka mmoja angeonekana mwongo mwaka wa pili, ilhali ziwa ndilo lililobadilika. Ushahidi wa mdomo unahitaji tarehe, mahali, na tofauti kati ya aliyeona na aliyesikia. Hayo ni masharti yale yale tunayoyaweka kwa hati, na Wilford ni ukumbusho wa kinachotokea tukiyaacha.

6. Hitimisho

Nadharia ya elimu iliyopotea inavutia kwa sababu inatukuza ukale wetu. Lakini inatudhulumu: inampa sifa mtu asiyejulikana na kumnyang'anya Snay bin Amir, wana wa Maruta na Ruhinga, watu wanaojulikana kwa majina au kwa nasaba.

Elimu inayoweza kupotea kweli ni ya kizazi hiki. Katika miaka ya karibuni Tanganyika imepanda tena na kuingia kwenye makazi ya Rumonge. Wazee wavuvi wa ndagala na mukeke wanakumbuka maji yalifika wapi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliokulia kando ya msitu wa Kigwena wanajua vijito vilivyofunikwa na mashamba ya michikichi na mihogo. Vyuo na shule za mwambao huu vina wajibu wa kuyaandika haya sasa, kwa jina la msemaji pale anaporidhia, kwa tarehe, na kwa alama juu ya ramani. Kazi hiyo haihitaji fumbo lolote. Inahitaji daftari, subira, na imani kwamba aliye mbele yetu anaweza kuwa anajua.