Waliokalia Kipaza Sauti cha Metropolitan

Tangu 1931 opera ya Jumamosi alasiri kutoka Metropolitan, New York, imekuwa hewani, na wa tano tu kukalia kiti cha mtangazaji aliingia 2021. Zipo falme zilizobadili wafalme mara nyingi zaidi.

Wa kwanza ni Milton Cross. Krismasi ya 1931, redio ya NBC iliporusha opera ya Hänsel und Gretel, aliwekwa pamoja na Deems Taylor, mtunzi wa muziki aliyepewa kazi ya kufafanua. Taylor akawa anafafanua huku watu wanaimba. Wasikilizaji walikuja juu, na mwiko ukazaliwa: muziki ukianza, mtangazaji afunge mdomo.

Cross alisoma kwenye karatasi. Kabla ya pazia kufunguliwa alikusimulia kisa cha sehemu inayofuata: nani kampenda nani, nani kavaa maleba gani, ngazi ziko upande upi wa jukwaa. Kisha taa zinapungua, kondakta anaingia, makofi. Sauti nzito, ya taratibu, kama ya mshereheshaji wa ikulu. Leo tungemwona anajikweza kidogo. Lakini msikilizaji wa miaka ile, mkulima wa mbali asiyejua Kitaliano wala asiyewahi kuona ukumbi wa opera, angeona kwa macho ya nani?

Cross alifariki Ijumaa, 3 Januari 1975. Kesho yake opera ilirushwa kama kawaida, ikitangazwa na Peter Allen, ambaye alikitunza kiti hadi 2004. Mwaka huohuo kampuni ya mafuta ya Texaco, mdhamini wa matangazo hayo tangu 1940, nayo ikajitoa.

Mageuzi yenyewe yalikuja na Margaret Juntwait, mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho. Baadaye aliongezewa mwenzake, Ira Siff, mwimbaji wa zamani, na hotuba ikageuka mazungumzo. Sababu zinaonekana. Tangu 1995 watazamaji ukumbini wanasoma tafsiri nyuma ya kiti cha mbele. Tangu 2006 opera inaonyeshwa mubashara kwenye sinema. Kisa kinajulikana. Kilichobaki ni maoni: ile noti ya juu mwimbaji aliifikia au aliiparamia tu? Mimi napenda ubishi huo, ingawa wakati mwingine Juntwait na Siff walichekeana mno, ukajiona mgeni asiyekaribishwa mezani.

Juntwait alifariki 2015. Mary Jo Heath, aliyekuwa mtayarishaji wa matangazo hayohayo, akashika nafasi. Mwaka 2021 akaingia Debra Lew Harder, mpiga piano aliyesomea pia udaktari wa tiba.