Nani Alizipa Majina? Kaida za Usimulizi katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho hakikubuni majina ya viungo vya shairi. Kiliyakusanya tu na kuyapanga. Vina, mizani, ubeti na kituo yalikuwa maneno ya watunzi wenyewe kabla hayajawa maneno ya darasani, na malenga aliyemkosoa mwenzake kwa kuvunja mizani alitumia neno ambalo mwenzake pia alilijua. Muda mfupi baadaye, katika shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la 1957/58, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliibuka mshindi, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kuwa kitabu mwaka 1960. Kwa kitabu hicho riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipata mwanzo imara. Haikupata, hata hivyo, Amri Abedi wake.

Makala haya yanashughulikia pengo hilo na matokeo yake. Inadaiwa hapa kwamba kaida za usimulizi katika riwaya pendwa ya Kiswahili zilipewa majina na wahakiki badala ya watunzi na wasomaji, na kwamba kwa sababu hiyo majina hayo yalikuja yakiwa yamebeba hukumu. Jina la kaida likiwa tayari ni hukumu, uchunguzi wa kazi yenyewe hukoma kabla haujaanza.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba huko Ulaya na Marekani mambo yalikwenda kwa njia mbili tofauti. Njia ya kwanza ni ya wataalamu wa ngano. Antti Aarne wa Finland alitoa faharasa yake ya aina za ngano mwaka 1910, naye Stith Thompson akaitafsiri na kuipanua mwaka 1928. Mwaka huohuo wa 1928 Vladimir Propp alichapisha uchunguzi wake wa umbo la ngano za Kirusi, ambamo alibainisha kazi 31 zinazotendwa na wahusika katika mfuatano usiobadilika. Njia ya pili ni ya watunzi wenyewe. Mwaka 1928 S. S. Van Dine, mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Marekani, alitangaza kanuni 20 za utanzu wake. Mwaka uliofuata Ronald Knox, kasisi wa Kikatoliki wa Uingereza aliyetunga riwaya za aina hiyo, akatoa zake 10. Kanuni za Knox zina mzaha mwingi, lakini mzaha wa fundi. Mojawapo inapiga marufuku kumtia Mchina katika hadithi, kwa kuwa hadithi za bei nafuu za wakati huo zilikuwa zimemchosha msomaji kwa Wachina waovu. Nyingine inamtaka rafiki wa mpelelezi asimfiche msomaji lolote linalopita akilini mwake, na akili yake iwe chini kidogo ya akili ya msomaji wa kawaida.

Tofauti ya njia hizo mbili si ndogo. Faharasa humwezesha mtaalamu kutambua kwamba ngano aliyoisikia Unguja ina jamaa zake kwingineko. Kanuni ya fundi humweleza mtunzi mwenzake kaida fulani inafanya kazi gani, na lini imechakaa. Ngano ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Zanzibar, inaonyesha mpaka wa faharasa. Humo maskini anayechakura jaani ananunua paa, na paa huyo kwa werevu wake anamfanya bwana wake kuwa sultani. Katika mpango wa Aarne na Thompson ngano hii iko kwenye kundi namba 545 pamoja na paka mwenye viatu wa Perrault. Nasaba hiyo ni ya kweli. Lakini kwa Perrault, mwaka 1697, paka anaishia kuwa bwana mkubwa, ilhali katika simulizi la Zanzibar paa anaugua, bwana wake anamdharau, anakufa, na yule sultani anajikuta amerudi jaani akichakura. Namba ni ileile, ila hadithi imegeuzwa kichwa chini. Msimulizi aliijua kaida vyema kiasi cha kuivunja mahali pale ambapo ingeuma zaidi, na namba haina nafasi ya kulisema hilo.

Uhakiki wa Kiswahili ulipoanza kujishughulisha na riwaya ya upelelezi, ulirithi zaidi njia ya wataalamu, tena ukaongeza kitu chake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kazi ya fasihi ilipimwa kwa mchango wake katika ujenzi wa jamii mpya, na si ajabu kwamba riwaya za mauaji, pesa na wanawake warembo zilionekana kuwa hazina mchango. Faraji Katalambulla alikuwa ametoa Simu ya Kifo mwaka 1965; katika miaka ya 1970 na 1980 wakafuata Elvis Musiba, Eddie Ganzel, Ben Mtobwa na wengine wengi. Kaida zao zilielezwa kwa maneno matatu yaliyojirudia: kuiga, kukimbia uhalisi, kuburudisha tu. Hata istilahi ya 'riwaya pendwa', ambayo juu juu inasifu, ilitumiwa kana kwamba kupendwa ni kasoro. Ni kweli kwamba vitabu vingi kati ya hivyo viliandikwa haraka na kusahauliwa haraka. Lakini neno 'kuiga' linaeleza tu kaida ilikotoka. Halielezi inafanya nini ilipofika.

Chukua kaida ya rafiki wa mpelelezi. Bwana Msa wa Abdulla, mwenye kiko chake, ana Najum. Sherlock Holmes alikuwa na Watson tangu 1887. Mhakiki akishasema 'Watson wa Kiswahili' hudhani amemaliza kazi. Hajamaliza. Swali la fundi ni hili: kwa nini hadithi imhitaji mtu asiyejua akae kando ya mtu anayejua? Jibu ni kwamba mpelelezi akiachwa peke yake, ama atayafichua mawazo yake mapema, ama atanyamaza na msomaji akose pa kushika. Najum anauliza kwa niaba ya msomaji na kukosea kwa niaba yake. Msomaji anapata faraja ya kumzidi akili kidogo, na wakati huohuo anapotezwa njia pamoja naye. Kosa la Najum ndilo pazia la Bwana Msa.

Na hapa ndipo lugha ilipokuwa na jina tayari, bila ya mhakiki kuliokota. Hadhira ya Kiswahili haikujifunza mchezo huu kwa Conan Doyle. Ilikuwa ikiucheza katika vitendawili. Mtegaji husema 'Kitendawili!', hadhira hujibu 'Tega!', kisha fumbo hutolewa. Hadhira hujaribu na kukosea, na makosa hayo ni sehemu ya utamu wenyewe. Ikishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa mji, huusifia safari yake ya huko akipenda, kisha hutoa jibu. Mji ni malipo ya kushindwa na pia ni kiapo kwamba jibu litatoka. Sura ya mwisho ya riwaya ya upelelezi, ambapo wahusika hukusanywa na siri ikafumbuliwa hatua kwa hatua, ni sura ya kupewa mji. Msomaji amekiri kwamba ameshindwa. Sasa mtegaji ana haki ya kujitapa kidogo kabla ya kusema.

Jina hili lina faida ambayo 'ufumbuzi' au 'upeo' hayana. Linatukumbusha kwamba kuna mkataba. Kitendawili ambacho jibu lake halimo katika maneno yaliyotegwa ni udanganyifu, na watoto hukikataa kwa kelele. Ndiyo haki ileile ambayo Van Dine na Knox waliidai kwa kanuni zao: msomaji awekewe dalili zote mbele yake. Kwa kigezo hicho mhakiki anaweza kuitenga riwaya nzuri na mbaya ndani ya utanzu wenyewe, bila kuuhukumu utanzu wote. Riwaya inayomleta muuaji katika kurasa za mwisho kabisa imedai mji bila ya kutega. Hiyo ni lawama ya haki, na mtunzi anaweza kuielewa.

Isidhaniwe kwamba hapa inapendekezwa kila istilahi ya kigeni itupwe. 'Motifu' imeshapata makazi, na uamilifu wa Propp hauna mbadala wa kienyeji ulio wazi. Yanayosisitizwa ni kwamba majina yaliyofaulu ni yale yaliyochukua neno lililokuwa na uhai nje ya darasa. 'Taharuki' ilikuwa hali ya mtu aliyeshtuka na kuhangaika kabla ya kuwa mbinu. 'Sadfa' ilikuwa jambo lililowakuta watu njiani. 'Kisengerenyuma' lina picha ya mtu anayekwenda kinyumenyume. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya huyajua yote matatu. Tatizo lake ni jingine: huyaorodhesha katika jibu la mtihani kama bidhaa za dukani, bila kusema taharuki hiyo imemfanyia nini msomaji.

Kaida ya adui inadhihirisha zaidi hasara ya neno 'kuiga'. Umberto Eco, katika makala yake ya 1965 kuhusu riwaya za Ian Fleming, alionyesha kwamba hadithi za James Bond zinajengwa kwa jozi chache za ukinzani na kwa hatua zinazorudiwa kama za mchezo wenye kanuni. Alionyesha pia kwamba adui wa Bond kwa kawaida ni mtu mwenye asili ya mchanganyiko au ya mbali na Uingereza. Willy Gamba wa Musiba ana mengi ya Bond: safari za ndege, hoteli, bastola, wanawake. Lakini tazama adui. Katika Kufa na Kupona (1974) kinachogombewa ni siri za harakati za ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na nyuma ya njama wapo makaburu na washirika wao. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963 hadi 1994. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekifungua kitabu hicho hakuhitaji kuelezwa kwa nini mpelelezi wa Kiafrika avuke mpaka, wala kwa nini adui awe na pesa nyingi na mikono mirefu. Nafasi ile ambayo Fleming aliijaza kwa hofu za dola iliyokuwa ikififia, Musiba aliijaza kwa dola ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa ikiua kweli. Jozi ni ileile. Waliokaa ndani yake wamebadilishana viti. Kusema kwamba riwaya hii inakimbia uhalisi ni kutoutazama uhalisi wa mwaka iliyotoka.

Mhusika wa kike katika riwaya hizi hana utetezi kama huo. Anapotokea ni chambo au ni tuzo, na hata Nuru, mwandani wa Joram Kiango katika kazi za Mtobwa, ambaye amepewa akili na ujasiri, hawezi kuingia ukurasani kabla uzuri wake haujasifiwa. Kaida hii nayo inastahili jina, na jina lake halipaswi kuwa la upole.

Wakati wahakiki wakibishana, wasomaji na watazamaji walikuwa wamekwisha kuanza kazi ya kuita vitu. Neno 'stelingi' lilitoka kwenye majumba ya sinema na vibanda vya video, likawa jina la mhusika ambaye kila mtu anajua hatakufa. Huyo si shujaa wa tendi, ambaye kifo chake huweza kuwa ndio utukufu wake: Liyongo alikufa, na utendi wake ukabaki. Stelingi ni mhusika anayelindwa na kaida. Mtazamaji akisema 'stelingi hafi' anatamka kanuni ya utanzu kwa ufupi ambao Propp angeuonea wivu, tena anaitamka kwa tabasamu, kwa sababu anajua kwamba ni kanuni. Ni vigumu kushikilia kwamba hadhira yenye tabasamu hilo inapumbazwa na kitu isichokijua.

Kuna hatari, bila shaka, katika kuorodhesha. Majina aliyoyakusanya Amri Abedi yaligeuka ukuta katika mikono ya baadhi ya wafuasi wake, na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 bila vina na mizani walikuwapo waliosema kwamba hayo si mashairi. Jina la kaida linaweza kuwa amri. Lakini riwaya ya upelelezi haijawahi kukumbwa na tisho hilo, kwa kuwa watunzi wake hawakungoja ruhusa ya kuzichezea kaida. Mwaka 1984 Abdulla, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kumjenga mpelelezi asiyepotea njia, alitoa riwaya nyingine na kuiita Kosa la Bwana Msa. Kichwa hicho hakiwezi kumshtua mtu asiyeijua kaida. Kiliandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye, akiwa amesimama mbele ya rafu ya duka la vitabu, angejiuliza mara moja: Bwana Msa naye hukosea?