ALAMA ZA VIDOLE NA MASHINDANO YA POLISI WA INDIA

Polisi wa India wana mashindano ya taifa ya ujuzi wa kazi. Hushindana si kwa mbio, bali kwa kupiga picha, kuongoza mbwa wa kunusa, na kusoma alama za vidole.

Elimu hiyo ya vidole ilikulia kwao. Mwaka 1897 ofisi yake ilifunguliwa Calcutta. Azizul Haque na Hem Chandra Bose, wasaidizi wa Mwingereza Edward Henry, walisaidia sana kubuni njia ya kuzipanga alama katika mafungu 1,024, zipate kuonekana upesi. Mwaka 1901 polisi wa London wakaifuata. Ikaitwa njia ya Henry. Wale wawili wakasahauliwa miaka mingi.

Dole gumba lako hutambulisha wewe tu. Lakini dole halisomi hati. Basi jifunze kusoma kabla ya kulitia wino.